Sosi ya sate kwa karanga za Tabora

Ukishawahi kupika kisamvu cha karanga, nusu ya kazi hii unaijua tayari. Sosi ya sate ni karanga zilizokaangwa, zikasagwa, kisha zikapikwa polepole pamoja na tui, ukwaju, pilipili na kitu kitamu kidogo, mpaka zitoe mafuta yake. Wenye chakula hiki ni watu wa Indonesia, hasa wa kisiwa cha Java. Nyama yao ya vijiti wanaiita sate. Sisi tukiiona tutasema mishikaki, ila vipande vyake ni vidogo. Malaysia na Thailand nako wanaila, na kila nchi ina mkono wake. Waholanzi, waliowahi kuitawala Indonesia kwa miaka mingi, walirudi nayo kwao, na hadi leo wanaimwagia juu ya chipsi.

Mimi nachoma mishikaki jioni hapa Isevya, Tabora mjini. Kwa muda mrefu mezani kwangu palikuwa na kachumbari, pilipili ya kusaga na ndimu, basi. Sosi hii nilionjeshwa na binamu yangu aliyekuwa mpishi wa hoteli Zanzibar. Akanipa maelezo ya mdomo, nikarudi nyumbani nikaiharibu mara mbili mfululizo. Ya tatu ikakubali. Siku hizi wapo wateja wanaokuja na bakuli zao, hata nyama hawanunui, wanataka sosi tu. Ninachoandika hapa ni kile kilichonikubalia kwenye jiko la mkaa, kwa kinu na mwiko, kwa vitu vya sokoni Tabora. Nazi ndiyo inayosafiri kutoka pwani, nayo nitaeleza namna ya kuikwepa siku ikiwa ghali.

Kabla hatujawasha moto, nikwambie jambo moja. Watu wakisikia chakula cha ugenini wanakimbilia viungo. Wananunua pakiti hii na ile, wanamimina, halafu wanashangaa sufuria haina ladha. Sosi hii ni karanga. Karanga zikiwa nzuri na zikakaangwa sawasawa, hata ukikosa viungo vitatu italika. Zikiwa mbovu, au zikiungua, hakuna kiungo kitakachoiokoa. Kwa hiyo kwenye karanga nitakaa sana, na viungo nitavipita haraka.

Vinavyohitajika, kwa watu wanane hivi

Karanga mbichi zilizomenywa, gramu 250 (robo kilo)
Nazi moja: tui zito kikombe kimoja, tui jepesi kikombe kimoja
Ukwaju kipande cha ukubwa wa ndimu ndogo
Asali vijiko vikubwa viwili
Vitunguu maji vyekundu vitatu vidogo
Vitunguu saumu punje nne
Tangawizi kipande cha kidole gumba
Mchaichai mashina mawili
Pilipili kichaa mbili hadi sita, unavyoweza
Mbegu za giligilani kijiko kimoja cha chai, binzari nyembamba nusu kijiko, manjano robo kijiko
Dagaa wakavu wa Kigoma wanane au kumi
Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa viwili, na chumvi

Ukiwa na sosi ya soya nyumbani, kijiko kimoja kinaongeza rangi na ladha. Usipokuwa nayo usitoke kwenda kuitafuta.

Kuchagua karanga

Karanga za huku huvunwa mvua zinapokatika, kwa hiyo kuanzia Mei hivi sokoni unapata mpya. Nunua mbichi, ambazo hazijakaangwa. Ukipata zenye maganda yake ya nje ni bora zaidi, maana zinakaa muda mrefu bila kuharibika na utazimenya mwenyewe. Wala usichanganye na njugu mawe. Zile ni ngumu, zina wanga mwingi na mafuta kidogo, ni tamu kwa kuchemsha lakini sosi hii hazitoi.

Mwaga karanga kwenye ungo, kaa mahali penye mwanga, uzichague kama unavyochagua mchele. Iliyosinyaa, toa. Yenye ukungu, toa. Iliyobadilika rangi ikawa nyeusi au ya kijani, iliyotobolewa na wadudu, iliyochipua, zote toa bila huruma. Sababu yake ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaa na unyevu. Sumu yenyewe huioni kwa macho. Inashambulia ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kumletea saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi, kuchemsha nako hakuimalizi. Kinachosaidia ni karanga kukaushwa vizuri juu ya turubai au mkeka badala ya udongo mtupu, kuhifadhiwa pakavu, na macho yako hapo kwenye ungo. Ulizozitoa usiwape kuku, wala usiziweke pembeni eti ni za mboga. Zifukie.

Hili nalisema kwa uchungu. Kuna siku nilikuwa na wageni njiani na muda umenibana, nikanunua karanga zilizokwisha kusagwa, zimefungwa kwenye kopo, kwa muuzaji wa kando ya barabara. Sufuria nzima ikawa chungu. Ikaganda kama uji wa mtoto, na haikutoa hata tone la mafuta. Nilipompelekea kijiko mama mmoja anayesaga karanga sokoni aonje, hakumaliza hata kumeza. "Humu kuna unga wa mahindi, mwanangu," akasema. "Na karanga zenyewe ni yale makapi yanayopepetwa." Kilo nne za nyama wageni walizila na chumvi. Tangu siku hiyo karanga ambazo sikuziona zikiwa nzima haziingii jikoni kwangu.

Na tuna kila sababu ya kuzidai nzuri, kwa sababu mkoa huu ni wa karanga. Urambo, njia ya reli ya kwenda Kigoma, ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ulianza mwaka 1947, wakitafuta mafuta ya kula kwa watu wao baada ya vita. Walileta matrekta, wakang'oa msitu, na mwaka 1951 wakaufuta, pauni kama milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Ardhi ya Urambo ikaingia tumbaku. Karanga ninazonunua mimi leo zimelimwa kwa jembe la mkono na mtu mwenye ekari moja au mbili, na mara nyingi ni mama. Ukimpata mmoja anayekausha vizuri, mshike, mwekee oda mapema, na usimkope.

Kukaanga

Washa mkaa, uache uive mpaka ushike majivu meupe, kisha uupunguze ubaki moto wa wastani. Tumia sufuria nzito, kikaango cha chuma au chungu. Sufuria nyembamba inaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Mafuta usiweke. Mimina karanga, shika mwiko, na usiuachie mpaka mwisho. Kama simu inaita, iite.

Bibi yangu, Mnyamwezi wa Uyui, alinifundisha kukaanga kwa sikio. Alikuwa ananikalisha jikoni nikiwa nimelipa jiko mgongo, yeye anakoroga. "Usiangalie, mayo. Sikiliza." Mwanzoni karanga zinagonga sufuria kwa sauti nzito, kama kokoto zilizolowa, kwa kuwa bado zina maji ndani. Baada ya dakika saba au nane sauti inakuwa nyepesi. Halafu inakuwa kavu kabisa, kama mbegu ndani ya kibuyu, na lile ganda jekundu linaanza kupasuka: tik, kimya, tik tik. Hapo unapunguza mkaa tena. Milio inaongezeka, inakuwa mingi, kisha inaanza kupungua yenyewe. Inapopungua ndipo bibi alipokuwa akiniuliza, "Zimesemaje?" nami nikijibu zimechoka, anaepua.

Kama sikio lako bado halijazoea, toa karanga moja, ipoze, itenganishe vipande viwili. Ndani ikiwa nyeupe, bado. Ikiwa na rangi ya asali nyepesi, tayari. Ikiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa, na sosi itakuwa na uchungu usiotoka. Kwa robo kilo kazi nzima inachukua dakika kumi na tano hadi ishirini. Epua mapema kidogo kuliko moyo unavyokutuma, kwa sababu karanga ina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake, nayo yanaendelea kuiivisha hata nje ya moto. Zimwage kwenye ungo papo hapo, zitandaze. Ukiziacha ndani ya sufuria ya moto zinaungua ukiwa umesimama hapo hapo unazitazama.

Wako wanaokaanga kwa mchanga safi uliopashwa moto, kama wafanyavyo wauza karanga wengi. Moto unafika kila upande na karanga zinatoka nzuri sana. Kwa kutafuna ni sawa, lakini kwa sosi sikushauri, maana punje moja ya mchanga ikijificha utaisikia kwenye meno ya mgeni.

Zikipoa, zisugue kwa viganja, pepeta maganda yaende. Machache yakibaki si neno. Yakibaki yote, sosi inakuwa nyeusi na inakwaruza koo.

Kusaga

Kinu kinatoa sosi bora kuliko mashine, hilo nalisema nikiwa nimejaribu vyote. Twanga kwanza mpaka ziwe chenga. Chota vijiko viwili vya chenga hizo uweke kando, utavirudisha mwishoni ili mlaji akutane na kitu cha kutafuna. Zilizobaki endelea kutwanga. Zitapita hatua ya unga, zitashikamana kama donge, na hapo wengi wanakata tamaa wanaongeza maji. Usiongeze. Endelea dakika chache tu, donge litaanza kung'aa, kisha litalainika lenyewe kwa mafuta yake mpaka mtwangio unateleza.

Ukiwa na blenda, zisage zikiwa bado na uvuguvugu, kwa vipindi vifupi, ukizima na kukwangua pembeni ili mota isichemke. Kwenye mashine ya sokoni, peleka karanga zako mwenyewe na usimame hapo. Mwombe msagaji konzi ya kwanza inayotoka aitupe, kwa sababu inabeba mabaki ya aliyekutangulia, na hujui alisaga nini.

Viungo

Loweka ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji moto kwa robo saa, ufikiche, uchuje mbegu na nyuzi. Kuna nazi, mbuzi na kifumbu, na tui unajua kulikamua: la kwanza zito, la pili jepesi.

Dagaa watoe vichwa, wakaushe kwenye kikaango mpaka wavunjike kwa vidole, uwatwange wawe unga. Wenzetu wa Java hutia kamba walioozeshwa wakasagwa wakawa kama tope kavu, wenye harufu kali. Huko ndiko utamu wa chini wa sosi zao nyingi unakotoka. Huku hatuna, ila tuna dagaa wa Ziwa Tanganyika, na nilipowajaribu badala yake sikuangalia nyuma. Wachache tu. Mlaji asijue kuna dagaa, ajue tu kwamba hawezi kuacha kula.

Kaanga giligilani na binzari nyembamba bila mafuta mpaka zinukie, dakika moja inatosha, uzitwange. Ongeza vitunguu, saumu, tangawizi, pilipili na manjano, twanga vyote viwe rojo. Mchaichai, chukua lile shina la chini jeupe, uliponde kwa mtwangio lipasuke, liende sufuriani zima, utalitoa baadaye. Majani yake yaweke kwenye chai.

Kupika

Sasa sufuria iende motoni, mkaa mdogo. Pasha mafuta, tia rojo ya viungo na mchaichai, ukoroge dakika saba au nane, mpaka harufu ya kitunguu kibichi iishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Usiharakishe hapa, kitunguu kibichi ndani ya karanga kinaharibu tumbo na ladha. Tia unga wa dagaa, geuza mara mbili.

Mimina tui jepesi. Likipata moto kabla halijachemka, anza kuingiza karanga, upawa mmoja mmoja, ukikoroga kila mara ili zisifanye madonge. Zitakapoingia zote mchuzi utaonekana mwepesi, na utatamani kuongeza karanga nyingine. Subiri. Karanga zinakunywa maji zinapoiva, na baada ya dakika tano utaona inaanza kuvuta mwiko.

Kuanzia hapo ni dakika kumi na tano hadi ishirini za moto mdogo kabisa, na mwiko upite chini ya sufuria, pale kwenye kona, kwa sababu karanga zinapenda kushika chini. Sosi itakuwa inapumua, inatoa povu moja moja zito, na inaruka, kwa hiyo funga kanga vizuri na watoto wakae mbali. Tia tui zito, kisha maji ya ukwaju nusu nusu, chumvi, na sosi ya soya kama unayo. Endelea mpaka uone vidimbwi vya mafuta mekundu-manjano vinaelea juu. Hiyo ndiyo alama, sawasawa na unavyoijua kwenye kisamvu. Kabla ya mafuta kupanda, karanga hazijaiva, hata kama saa inasema zimeiva.

Epua, toa mchaichai, ndipo utie asali. Ninaiweka mwisho kwa sababu asali yetu ya misitu ya miombo ina harufu yake, na ukiichemsha sana harufu inakwenda na mvuke. Kule kwao hutumia sukari ya mnazi au sosi ya soya tamu na nzito. Asali ya Tabora nyingine ni nyeusi na kali, anza na kijiko kimoja, onja, ndipo uongeze. Rudisha zile chenga ulizoweka kando. Imekwisha.

Onja ikiwa ya uvuguvugu, maana ya moto sana inakudanganya. Iwe na chumvi kwanza, halafu uchachu, halafu utamu nyuma yake, na pilipili ibaki kooni. Ukiona utamu umezidi, ongeza ukwaju au kamulia ndimu. Ikiwa imepooza, mara tisa kati ya kumi inadai chumvi.

Ikiharibika

Ikiwa nzito mno, tia maji moto kijiko kimoja kimoja. Maji baridi yanaishtua. Kumbuka itazidi kuganda ikipoa, kwa hiyo iepue ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka mezani.

Ikikatika, yaani mafuta yamejitenga kabisa na karanga zimebaki kama mchanga chini, ujue maji yamekauka mno. Ondoa motoni, tia maji moto kidogo, ukoroge kwa nguvu, inarudi. Nimeiokoa hivyo mara nyingi.

Ikishika chini, usikwangue hata kidogo. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, onja. Kama harufu ya kuungua haijapanda umepona. Kama imepanda, anza upya. Asali haifichi moshi.

Bila nazi

Tumia maji moto tu mahali pa tui. Sosi za wachoma sate wengi wa mitaani huko Java hazina nazi kabisa, na karanga ina mafuta yake ya kutosha. Utapata sosi nyepesi zaidi, ladha ya karanga ikiwa wazi, na mimi kwa nyama ya mbuzi naipenda hivyo kuliko ya tui. Maziwa ya ng'ombe sishauri, yakikutana na ukwaju yanakatika. Watu wa Kigoma wameniuliza kuhusu mawese badala ya alizeti. Kijiko kimoja kinapendeza na rangi inakuwa nzuri. Viwili, unakula mawese.

Kuilia

Kwa mishikaki ya namna ya sate, kata nyama vipande vya sentimita mbili, vidogo kuliko tulivyozoea. Kilo moja ipake chumvi kijiko cha chai, manjano nusu kijiko, giligilani kijiko, saumu punje tatu, shina la mchaichai lililotwangwa laini, asali kidogo na mafuta kijiko. Iache saa mbili. Nyama ya ng'ombe ikiwa ngumu, kwangulia papai bichi kijiko kimoja, lakini kwa hilo isizidi saa moja, vinginevyo inakuwa kama imetafunwa. Vijiti vya mti au mianzi vilowekwe nusu saa visiungue. Choma juu ya makaa yaliyoiva, geuza mara kwa mara. Sosi usiipake nyama ikiwa motoni: asali na karanga zinaungua kabla nyama haijaiva, na unapata uchungu nje na damu ndani. Iwekwe kando kwenye bakuli, mtu achovye. Vipande vya kitunguu kibichi na tango pembeni vinakata mafuta.

Ila usiifunge kwenye nyama. Mhogo wa kuchoma na sosi hii ni chakula kamili, hali kadhalika ndizi mzuzu. Chipsi nimeshasema. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa kisha akapitishwa motoni anaipokea vizuri kuliko wa kisasa. Mgebuka wa kuchoma nilijaribu nilipokwenda Ujiji kwa shemeji: kwa samaki mwenye mafuta kama yule, punguza tui, ongeza ukwaju, na uimwage mezani, si jikoni. Msimu wa mvua uyoga wa porini ukifika barabarani, uchome kwenye kijiti kwa chumvi tu na uuchovye. Asiyekula nyama hatajiona amesahauliwa. Na Waindonesia wana mlo wao wa mboga za kuchemsha, viazi na mayai, vyote vikamwagiwa sosi ya karanga juu. Wanauita gado-gado. Kabeji, maharage mabichi, viazi na mayai mawili yaliyochemshwa, unalisha nyumba nzima siku isiyo na hela ya nyama.

Neno kwa mwenye kupikia wageni

Uliza kabla hujapakua. Wapo watu wenye mzio wa karanga, na kwao kijiko kimoja kinaweza kuwa hatari ya kufa. Waambie waziwazi kwamba ndani mna karanga na dagaa, usisubiri waonje wakisie. Mtu akivimba midomo au uso, akawashwa mwili mzima au akaanza kuhema kwa shida, usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji, mkimbize hospitali saa ile ile. Kijiti ulichochovya sosi kisichanganywe na vya mtu huyo, wala bakuli lisiwe moja. Kwa watoto wadogo acha kurudisha zile chenga, kwani zinaweza kuwapalia, na weka pilipili pembeni.

Kuhifadhi

Sosi yenye tui haikai. Kwa joto letu, ikizidi saa mbili mezani usiitegemee tena. Kwenye friji, ndani ya chupa safi iliyofungwa, siku nne. Usipokuwa na friji pika ya siku hiyo, lakini jirahisishie kazi: karanga zilizokaangwa na kusagwa, bila tone la maji, zinakaa wiki kadhaa kwenye chupa kavu mahali pa baridi, mradi kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu. Hivyo ndivyo ninavyofanya. Jumamosi nakaanga na kutwanga kilo mbili, na jioni za wiki napika viungo na tui tu, nusu saa nimemaliza. Ukifungua chupa ukasikia harufu ya rangi ya mlango au ya mafuta yaliyolala, mwaga.

Ya kwenye friji utaikuta imeganda kama siagi na juu ina utando mweupe wa nazi. Hilo si kuharibika. Irudishe kwenye moto mdogo na maji moto kidogo, uikoroge mpaka ichemke na mafuta yapande tena juu.